Taa za mbele zinasumbua na dashibodi ina njano: vidokezo 12 kabla hujatoa pesa mfukoni

Gari linatoka Japani na miaka yake mgongoni, linashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, linakatiwa bima, linaingia barabarani. Jioni moja unawasha taa na kidude cha njano kinachomoza kwenye dashibodi. Unakizoea. Ndivyo tulivyo wengi: maadamu gari linawaka na kutembea, njano ni pambo. Mpaka usiku mmoja, katikati ya Chalinze na Morogoro, lori linakuja mbele yako na unagundua unaendesha gari chongo.

Afadhali ni kwamba hitilafu nyingi za taa za mbele ni za bei ya chini: balbu, fyuzi, soketi iliyoungua, waya uliooza. Kinachomaliza pesa ni kubahatisha. Mtu ananunua taa nzima Gerezani au Kirinyaga Road, anafungiwa, anawasha, na njano iko palepale inamtazama.

1. Jua kwanza ni taa gani inayokuita

Dashibodi ina taa za kukuarifu na taa za kukuonya, na watu huzichanganya. Kijani inasema umewasha taa. Bluu inasema umewasha fuli. Hizo mbili hazina ugomvi na wewe.

Njano ndiyo ya kuuliza, nayo ina sura zaidi ya moja. Yenye mchoro wa balbu na alama ya mshangao inasema balbu mojawapo imekufa, au gari linadhani imekufa. Yenye mchoro wa taa ya mbele na mshale wa kwenda juu na chini inahusu mfumo unaoinua na kushusha mwanga. Dawa za hizo mbili hazifanani hata kidogo, kwa hiyo piga picha ya alama kabla hujampigia fundi simu. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, kamera ya simu inatafsiri siku hizi.

Baadhi ya Toyota zina taa ya onyo inayolinda balbu za nyuma tu, na kifaa chake kiko kwenye buti. Watu hukesha wakipekua taa za mbele kumbe kilichokufa ni balbu ya breki. Na gari ndogo nyingi, Vitz na Probox zikiwemo, hazina onyo la balbu kabisa. Huko hakuna wa kukuambia ila ukuta, au askari wa trafiki.

Kama ndiyo kwanza unanunua gari, geuza ufunguo hadi kabla ya kuwasha injini. Taa za onyo zinatakiwa ziwake kwa pamoja kisha zizime. Ikiwa moja haiwaki kamwe, huenda kuna mtu aliyeiziba ili usiione.

2. Uulize ukuta

Egesha gari usiku, mita 5 hivi kutoka kwenye ukuta wa rangi nyeupe. Washa dimu, tazama. Washa fuli, tazama. Andika kila upande unafanya nini.

Upande mmoja umekufa kabisa kwenye dimu na mwingine mzima? Shuku vitu vya upande huo: balbu, fyuzi yake, soketi, waya wake. Pande zote mbili zimekufa pamoja? Shuku vitu vinavyochangiwa: relei, swichi ya usukani, fyuzi kuu. Balbu mbili kufa dakika moja ni nadra, isipokuwa ile ya kwanza ilikufa zamani nawe hukuiona. Upande mmoja unawaka hafifu, mwekundumwekundu? Ruka moja kwa moja hadi kidokezo cha 5.

3. Badilishana balbu, ya kulia iende kushoto

Hili halihitaji pesa. Chukua balbu ya upande mbovu uipeleke upande mzima, na ya upande mzima uilete kwenye ubovu. Tatizo likihama pamoja na balbu, umemaliza: nunua balbu. Tatizo likibaki palepale, balbu haina hatia, rudi kwenye waya.

Usishike kioo cha balbu ya halojeni kwa vidole. Mafuta ya ngozi hubaki pale, kioo kinapata moto usio sawasawa, na balbu mpya inakufa mapema. Ukiishika kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti na kitambaa safi.

Na kama balbu zako zinakufa kila mara, acha kulaumu duka. Washa injini, pima betri. Kawaida ni volti 13.8 hadi 14.5. Ukikuta zaidi ya 15, alteneta inachaji kupita kiasi na inazichoma balbu zako moja baada ya nyingine. Betri nayo inafuata.

4. Fyuzi: soma mfuniko, kisha pima

Geuza mfuniko wa kisanduku cha fyuzi. Hata kwenye gari la Japani vifupisho huwa vya herufi za Kilatini: HEAD au H-LP ni taa za mbele, LH ni kushoto, RH ni kulia, LO ni dimu, HI ni fuli. Gari nyingi zina fyuzi ya kila upande, ndiyo maana upande mmoja unaweza kufa na mwingine ukabaki.

Kuitazama fyuzi hakutoshi. Juu yake kuna vitobo viwili vidogo vya chuma. Washa taa, gusa kila kimoja kwa testa. Ikiwaka kimoja tu, fyuzi imekatika hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Rangi zake ni zilezile karibu kila gari: nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Penye nyekundu rudisha nyekundu. Fyuzi ikikatika tena mara tu unapowasha, kuna waya wa chanya unaogusa bati mahali fulani. Ukiweka ya 30 penye 10, au ukaviringisha karatasi ya sigara, waya ndio utakaogeuka fyuzi, na waya ukikatika kwa moto haukatiki peke yake.

5. Waya wa hasi, mshukiwa wa kwanza

Huyu namshuku kabla ya wote. Umeme hauishii kwenye balbu. Lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudi ni bodi ya gari. Nyuma ya kila taa kuna waya, kwenye Toyota mara nyingi mweupe wenye mstari mweusi, unaoishia kwenye kipete kilichobanwa kwa boliti ya spana namba 10 kwenye bati. Kipete hicho kikishika kutu, au bati likipakwa rangi baada ya ajali na boliti ikafungwa juu ya rangi, umeme unakosa pa kurudi. Wanaoishi Tanga, Unguja au Mombasa wanaijua kutu hii: ungaunga wa kijani juu ya shaba, zawadi ya upepo wa chumvi.

Sasa tazama vituko vyake. Chukua gari lenye balbu za H4, zile zenye nyuzi mbili ndani, moja ya dimu na moja ya fuli, zinazochangia pini moja ya hasi. Hasi ya taa ya kushoto imekatika. Unawasha dimu. Umeme unapita kwenye uzi wa dimu, unafika kwenye pini ya pamoja na kukuta hakuna njia. Haukati tamaa. Unageukia uzi wa fuli wa balbu hiyohiyo, unarudi kinyumenyume kwenye waya wa fuli, unavuka hadi taa ya kulia, unapita kwenye uzi wa fuli wa huko na hatimaye unalifikia bati. Taa ya bluu ya dashibodi imeungwa kwenye waya huohuo wa fuli, nayo inajichotea kidogo.

Kwa hiyo unachokiona ni hiki: taa ya kushoto nyekundu kama kaa linalofifia, na bluu inawaka kinyonge ilhali wewe uko dimu. Fundi kijana hapo atasema, "Bosi, swichi ya usukani imekufa hii." Mzee wa gereji atamwambia, "Hebu niletee kipande cha waya, mwanangu." Ataunga ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye pini ya hasi nyuma ya taa. Taa inageuka nyeupe, bluu inazimika papo hapo. Kazi iliyobaki ni msasa, spana namba 10 na grisi kidogo juu ya boliti.

Ukitaka kumwiga mzee huyo, mambo mawili. Weka fyuzi ya ampea 10 katikati ya kipande chako cha waya. Na kabla ya kugusisha, hakikisha kwa testa kwamba pini hiyo si ya chanya, kwa sababu kuna magari yaliyopangwa kinyume, nayo tutayafikia kwenye kidokezo cha 9.

6. Pima taa ikiwa inawaka

Mita ya kawaida ya kidijitali inatosha. Lakini watu wengi huichomeka vibaya: wanachomoa soketi, wanapima, wanaona volti 12.6, wanasema waya ni mzima. Soketi ikiwa wazi hakuna mkondo unaopita, na waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba kati ya kumi na tano utakuonyesha volti zote bila aibu. Ule mlio wa mita wa kuonyesha njia iko wazi nao unadanganya vilevile. Mpe waya huo kazi ya kubeba ampea 5 uone atakavyochoka.

Acha soketi kwenye balbu, washa taa, chomeka ncha za mita kwa nyuma ya soketi. Kwanza ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye pini ya chanya ya balbu. Unachosoma ni volti zilizopotea njiani. Nusu volti inavumilika. Ikiwa 2, kuna mahali panazila. Kisha nyekundu kwenye pini ya hasi ya balbu na nyeusi kwenye hasi ya betri. Hapo zikizidi 0.2 nenda kasafishe boliti.

Kwa nini tuhangaike na volti moja? Kwa sababu mwanga wa halojeni haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu theluthi ya mwanga. Wengi wanaolalamika kwamba "taa za hii gari ni hafifu tangu nimenunua" wana taa nzuri na waya mbovu.

Usishtuke pia ukipima balbu nzima ya wati 55 kwa ohmu ukasoma chini ya 1. Ikiwa baridi ndivyo ilivyo. Ikiwaka, ukinzani wake unapanda hadi kukaribia 3.

7. Soketi ya kahawia

Chomoa soketi, itazame mchana. Plastiki imegeuka kahawia, pini moja imelegea au imepoteza mng'ao? Hiyo imeungua. Kukaza pini kwa koleo kunakupa mwezi mmoja au miwili. Badilisha soketi, na kama utapata ya kauri, chukua hiyo.

Chanzo mara nyingi ni tamaa ya mwanga. Balbu ya wati 100 inavuta zaidi ya ampea 8, wakati waya wa kiwandani ulipangiwa kama 5. Soketi inaungua, kisha swichi inafuata. Ukizitaka wati hizo kwa sababu zako, vuta waya mpya kutoka betri kupitia relei na fyuzi yake, swichi ibaki ya kuamrisha tu. Ila jua kwamba wa mbele yako naye ana macho.

8. LED umefunga juzi, njano imekuja jana

Hapa huna haja ya kutafuta mwizi mbali. Magari mengi ya Ulaya, kama VW, BMW na Mercedes, hupima mkondo unaokwenda kwenye balbu. Yanatarajia wati 55. LED inakula nusu ya hapo au pungufu, gari linahitimisha kwamba balbu imekufa, njano inawaka. Mengine hutuma vijiumeme vya kupima hata taa zikiwa zimezimwa; halojeni haihisi kitu, lakini LED inametameta gizani kwenye maegesho na mlinzi anakugongea mlango.

Wauzaji watakupa kizuizi cha kufunga sambamba na LED ili gari lione mzigo wa kutosha. Kinafanya kazi, lakini kinageuza umeme kuwa joto tupu. Kile cha ohmu 6 kinatoa zaidi ya wati 30 injini ikiwaka. Kifungwe kwenye bati, kamwe si kwenye plastiki wala juu ya kifurushi cha waya.

Maoni yangu, na wenye maduka wataniwia radhi: taa iliyochongwa kwa ajili ya halojeni ibaki na halojeni. Kioo na kiakisi chake vilipangwa kwa uzi ulioko mahali maalumu. LED nyingi za kupachika humwaga mwanga ovyo, juu ya miti na machoni mwa watu, huku barabara ikibaki na madoa. Halojeni mpya yenye waya safi inashinda.

9. Land Cruiser na Toyota za zamani: kila kitu kinyume

Kwenye gari nyingi swichi inakata chanya. Kwenye Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser za misafara ya watalii zikiwemo, swichi inakata hasi. Ukiwasha taa, pini ya pamoja ya H4 inapata chanya muda wote; swichi ya usukani ndiyo inayochagua uzi upi uunganishwe na hasi. Ndiyo maana nilisema upime kabla ya kuunga kipande chako cha waya: hapa pini ya pamoja ukiigusisha na hasi ya betri ni cheche, na hiyo fyuzi yako ya 10 ndiyo itakayokuokoa.

Mafundi wageni wa magari haya huumbuka kwenye spotilaiti. Mteja wa Arusha anataka taa za kwenye bampa ziwake pamoja na fuli. Fundi anachukua waya wa fuli, anauingiza kwenye pini 86 ya relei, pini 85 anaipeleka kwenye bati, kama alivyozoea. Mteja anawasha dimu: spotilaiti zinawaka. Anawasha fuli: zinazima. Relei mpya inanunuliwa, mambo ni yaleyale.

Relei haina kosa. Ukiwa dimu, waya wa fuli umebeba chanya iliyopita kwenye uzi wa balbu, kwa hiyo relei inashtuka. Ukiwasha fuli, waya huohuo unakuwa hasi, relei inalala. Dawa ni kuziunga pini 85 na 86 kati ya chanya ya pamoja ya taa na waya wa fuli, bila kugusa bati. Pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye spotilaiti.

Taa ya bluu ya magari haya nayo inategemea njia hiyohiyo ya nyuzi za balbu. Ukiweka LED, bluu inaweza kukataa kuwaka, au ikabaki inawaka hafifu wakati wote. Usibomoe dashibodi kwa sababu hiyo. Rudisha balbu ya halojeni kwa dakika tano uone kama bluu inarudi kwenye adabu yake.

10. Njano ya mshale: chungulia nyuma, chini ya gari

Hii ndiyo inayowala watu pesa nyingi kuliko zote, kwa sababu onyo linahusu taa za mbele na ubovu uko karibu na tairi la nyuma.

Magari yenye taa kali za zenoni au LED za kiwandani, Harrier, Forester, CX-5 na wenzao, mara nyingi hujishusha na kujiinua mwanga yenyewe. Ukipakia magunia nyuma, pua ya gari inainuka, na bila mfumo huu ungewapofusha watu wote mpaka Segera. Sensa ndogo imefungwa kwenye bodi karibu na tairi la nyuma, na kijiti chembamba chenye vifundo viwili kinaiunganisha na mkono wa tairi hilo. Gari likibonyea, kijiti kinazungusha sensa, kompyuta inazishusha taa.

Sasa fikiria maisha ya kijiti hicho hapa kwetu: matope, mawe, makorongo, mashine za kuoshea gari zenye maji ya kasi. Kisha mwenye gari anaona linagusa matuta, anakwenda kuliinua. Anafungiwa spesa juu ya springi, gari linakaa kifua mbele, na mkono wa nyuma unabadilika pembe. Kijiti kinavutwa kupita uwezo wake, kinapinda au kinachomoka kwenye kifundo. Fundi wa springi hakukiona, wala halikuwa jukumu lake akilini mwake. Wiki haijaisha njano inawaka, na mwenye gari anaambiwa anunue taa ya mbele.

Kabla ya kukubali, ingia chini na tochi. Gari liwe limezimwa, tairi zimewekewa vigingi, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kitafute kijiti. Kimechomoka? Kimepinda? Soketi ya sensa imejaa ungaunga wa kijani? Sensa ya kawaida ina nyaya tatu: moja ya volti 5, moja ya hasi, moja ya ishara. Geuza ufunguo, pima. Volti 5 hazipo: tatizo ni waya au kompyuta. Zipo: chomoa kijiti, sogeza mkono wa sensa taratibu kwa kidole huku ukisoma waya wa ishara. Volti zinatakiwa zipande na kushuka kwa utulivu, kwa kawaida kati ya 0.5 na 4.5. Zikiruka au zikiganda, sensa imekwisha.

Ukifunga sensa mpya, au ukiinua gari, mfumo unahitaji kufundishwa upya usawa wake kwa mashine ya kupimia. Bila hivyo njano inaweza kubaki hata kama kila kitu ni kipya, au ikazima huku taa zikitazama juu. Kuinua mbele na nyuma kwa pamoja ndiko kubaya zaidi: sensa ya nyuma inadhani pua imeinama ilhali haijainama, inainua mwanga, na kila dereva unayepishana naye anakuwashia fuli akidhani hujashusha.

Ukimaliza rudi ukutani. Kwa dimu, ukingo wa juu wa mwanga ushuke kama sentimita 10 kwa kila mita 10 kutoka kwenye taa.

11. Panya, maji na mfunga alamu

Gari lililolala wiki mbili uani ni nyumba ya panya. Tafuta vinyesi na vipande vya plastiki juu ya injini kabla ya kutafuta kitu kingine. Gari lililooshwa injini asubuhi na kuleta njano mchana, lipe siku moja likauke, soketi zikiwa zimefunguliwa.

Kisha jikumbushe nani wa mwisho kugusa waya. Alamu, traka, redio, taa za mapambo: vyote hivyo huombaomba umeme popote vinapoupata, na maungio yake mara nyingi ni kusokota waya na kuviringisha tepu. Jua la Dodoma linaiyeyusha gundi, tepu inafunguka, waya unabaki uchi. Maungio ya risasi yenye mpira unaobana kwa joto hayachukui dakika kumi zaidi. Yadai.

12. Mahali pa kukunja mikono

Taa za zenoni huwashwa kwa mshtuko wa zaidi ya volti 20,000. Zima taa, chomoa betri, na kama hujawahi kuzigusa mwachie anayezijua. Kwenye haibridi kama Aqua na Prius, waya wowote wa rangi ya chungwa si wa taa na si wako.

Kile kidude cha bluetooth cha kupimia gari kwa simu, kwa kawaida kinasoma injini tu. Kikikuambia hakuna hitilafu huku njano ya taa inawaka, hakijasema uongo, hakijaulizwa. Kompyuta ya taa inahitaji mashine kubwa ya fundi.

Na kabla hujamwachia fundi rewaya funguo, muulize swali moja: "Fundi, umesoma volti ngapi kwenye soketi taa ikiwa inawaka?" Akikupa tarakimu, mwachie gari. Akianza kukutajia bei ya taa mpya, chukua funguo zako, na kama jua limeshazama na taa moja haifanyi kazi, safari iahirishe hadi asubuhi.